Chini ya Boneti: injini yako inapumulia wapi?

Mwangaluka wasomaji wa Kanda ya Ziwa, na nyie wengine mnaotusoma mkiwa mbali. Mwezi huu maswali yaliyokuja mengi yanafanana: oili kwenye mipira ya hewa, dipstiki inaruka, moshi wa bluu, na mafundi wanaziba mipira bila hata kujiuliza ule mpira ulikuwa pale kwa kazi gani. Nimeamua nafasi yote iende huko. Ya breki na shokapu yanasubiri mwezi ujao, msinune.

Shikamoo fundi. Nina Forester ya tabo, injini EJ20, gia za mkono. Jamaa aliyeniuzia alikuwa ameshapandisha busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) na mimi nikaongeza kidogo. Sasa nikikanyaga mpaka chini dipstiki inachomoka yenyewe oili inarukia boneti, intakula (kile kipoza hewa ya tabo) nikiivua ndani imelowa oili, na nikiachia mafuta nyuma unatoka moshi wa bluu. Fundi wa kwanza kasema tabo imekufa, nikanunua nyingine used, haikuchukua muda moshi ukarudi. Fundi wa pili anasema tuchukue bolti tuzibe ule mpira unaotoka kwenye kava ya tapeti ili oili isifike kwenye intakula. Nizibe? (Kijana wa Igoma)

Marahaba mdogo wangu. Usizibe. Na kama bolti imeshaingia, itoe kabla hujawasha hilo gari tena.

Iko hivi. Hakuna injini ambayo ringi zake zinaziba asilimia mia, hata iliyotoka kiwandani jana. Kila mafuta yanapolipuka juu ya pistoni, kuna gesi kidogo inapenya pembeni ya ringi inashuka kwenye tumbo la injini, kule kwenye krenki na sampu. Hiyo gesi ina petroli isiyoungua, ina mvuke wa maji, ina asidi asidi, na ikikutana na oili inayorushwa na krenki inabeba ukungu wa oili. Ukiongeza busti umeongeza mgandamizo juu ya pistoni, kwa hiyo na kinachopenya kinaongezeka, hapo huna namna ya kukwepa. Swali la maana ni moja tu, hiyo gesi ikishafika chini inatokea wapi?

Kwenye gari lako kampuni iliweka njia mbili. Ya kwanza ni valvu ya PCV, kivalvu cha kutolea gesi za tumbo la injini, iko juu ya bloku kwa nyuma, chini ya manifodi, sehemu ambayo mkono unaingia kwa shida ndiyo maana mafundi wengi hawaigusi. Gari ikiwa kwenye sailensi (inanguruma bila kukanyagwa) au unatembea taratibu, manifodi inavuta, basi inavuta na hizo gesi kupitia PCV zinaenda kuungua. Njia ya pili ni hiyo mipira ya briza inayotoka kwenye kava za tapeti kwenda kwenye bomba la hewa kabla ya tabo. Ukiwa mtulivu, hewa safi inaingia kwa mipira hiyo. Ukikanyaga busti ikapanda, manifodi haivuti tena, inasukuma. Hapo PCV inatakiwa ijifunge yenyewe, na gesi zote zigeuze njia zitokee kwenye briza, zivutwe na mdomo wa tabo.

Sasa angalia fundi wako anataka kuziba njia ipi. Hiyo hiyo ya briza! Yaani muda ambao gesi ni nyingi kuliko wakati wowote, na PCV imejifunga, yeye anafunga na mlango uliobaki. Tumbo la injini litajaa presha, na presha itatafuta penye udhaifu: dipstiki kwanza, halafu gasketi za kava za tapeti, halafu sili ya krenki ya nyuma ile ya upande wa klachi, na ukifika hapo gia boksi inashuka chini na pesa inatoka mfukoni.

Na hii ndiyo habari ya tabo yako, naomba isomwe na kila aliyewahi kuambiwa "tabo imekufa". Oili inaingia kwenye tabo kwa presha kutoka kwenye pampu, lakini inatoka kwa kuteremka tu yenyewe, kwa bomba nene linalorudi kwenye injini. Hakuna kitu kinaisukuma kurudi. Tumbo la injini likiwa na presha, ile oili inakwama njiani, inajaa ndani ya tabo, na sili za tabo sio mpira kama sili ya krenki, ni vipete vidogo vya chuma mfano wa ringi za pistoni, havikutengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Basi inapita, upande mmoja inaingia intakula, upande mwingine inaingia ekzosi, unaona moshi. Tabo nzima kabisa, ila inatoa moshi kama mbovu. Ukibadilisha tabo bila kushughulikia presha, mpya nayo itafanya vile vile, na ndicho kilichokukuta. Inaniuma sana nikiona vijana wanatoa hela ya tabo mara mbili kwa kosa la kivalvu kidogo na mpira.

Kwa hiyo anza hivi. Injini ikiwa ya moto, iko kwenye sailensi, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka juu ya tundu kipande cha karatasi nyepesi. Ikivutwa ikajibandika kidogo, mfumo unapumua. Ikipeperushwa na unaona moshi unatoka kwa mapigo, kuna tatizo. Halafu ichomoe PCV. Itikise, ndani inatakiwa ilie, kama haina mlio imeganda kwa uchafu. Ipulize kwa upande unaotoka kwenye injini, hewa ipite. Ipulize upande wa manifodi, hewa ikatae au ipite kwa shida sana (puliza tu, usivute kwa mdomo, ndani mna mabaki ya petroli). Kama inapita kirahisi pande zote mbili basi hiyo valvu haifungi, na maana yake ukikanyaga busti yako yote inamwagika moja kwa moja kwenye tumbo la injini. Hiyo peke yake inatosha kurusha dipstiki. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tunavyovizungumza hapa, nunua mpya, usinunue used.

Kagua na mipira yenyewe. Mingi ikizeeka inalainika, ukiiangalia gari imezima iko sawa, ikipata moto na kuvutwa inajibana inakuwa bapa. Na nimeshaona watu wameweka hosipaipu ya jiko la gesi au mpira wa maji wa hita. Mpira wa maji haupatani na oili, unavimba ndani, tundu linabaki dogo na kwa nje huoni kitu. Tafuta mpira wa mafuta au wa oili wenye kipenyo kile kile.

Kama PCV nzima, mipira mizima, na karatasi bado inarushwa, hapo ndio tunaanza kuogopa ringi. Pima kompresheni, ila zingatia mambo mawili. Moja, lile zoezi la kumimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi uone kama namba inapanda, kwenye Subaru halikupi jibu la kueleweka kwa sababu silinda zimelala, oili inakaa upande wa chini tu haiizunguki ringi yote. Kwenye Subaru mwambie fundi aingize hewa ya kompresa kwenye silinda moja moja, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, halafu uweke sikio. Hewa ikisikika kwenye kifuniko cha oili ni ringi au pistoni, ikisikika ekzosi ni valvu ya ekzosi, ikisikika kwenye throtoli ni valvu ya kuingiza. Mbili, sisi Mwanza tuko juu. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10, na geji ya kompresheni nayo itasoma chini kwa kiasi hicho hicho kulinganisha na namba za kitabu. Kuna injini nzima zimehukumiwa kwa hilo. Cha kuangalia zaidi ni tofauti ya silinda na silinda. Zote zikiwa chini kidogo lakini zinafanana, tulia. Moja ikiwa imeachwa mbali na wenzake, hapo kuna kazi.

Mpaka hapo ukishajua tatizo liko wapi, busti irudishe ya kampuni. Na ile oili iliyoko intakula ioshe itoke yote, maana ukungu wa oili ukiingia kwenye silinda unashusha oktani ya mchanganyiko (uwezo wake wa kutojilipukia kabla ya wakati), na hizi gari zilitengenezwa zikanyweshwe petroli ya Japani ya daraja la juu ambayo oktani yake ni kubwa kuliko ya vituo vyetu. Yaani tayari uko ukingoni, halafu unaongeza oili. Injini inaanza kugonga, na EJ20 ikigonga kwenye busti inachokivunja kwanza ni ukuta wa pistoni kati ya ringi na ringi. Ukishavunjika, gesi za kushuka chini zinakuwa nyingi mara dufu na tunarudi kule kule tulikoanza, ila safari hii injini iko mezani.

Kaka, fundi wangu anasema hiyo PCV ni mambo ya mazingira ya Wazungu, kwenye gari ya mbio unatoa yote, mipira unaiachia chini ya gari inapumulia nje, mwepesi na safi. Ni kweli? (Msomaji, Sengerema)

Nusu ni kweli ndugu yangu, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza watu.

Zamani gari zote zilikuwa hivyo anavyosema. Bomba linatoka kwenye injini linashuka chini, mwisho wake umekatwa mshazari, gari ikikimbia upepo unapita chini unavuta zile gesi. Gari ikisimama hakuna upepo, hakuna kinachovutwa, na maji na asidi vinabaki kwenye oili, ndiyo maana injini za enzi hizo ukifungua sampu unakuta tope. Mfumo wa kuvuta kwa manifodi ulishatumika kwenye vifaru vya Vita ya Pili ya Dunia, kwa sababu kifaru kikivuka mto lile bomba la wazi lingenyonya maji. Kwenye gari ndogo ulikuja baadaye kwa ajili ya moshi wa Los Angeles. Miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech alionyesha kuwa ule ukungu unaowasha macho unatokana na gesi za magari zikipigwa na jua, na sehemu ya gesi hizo ilikuwa inatoka kwenye tumbo la injini, sio kwenye ekzosi tu. Gari mpya za California zikaanza kuwekewa PCV mwaka 1961, na 1963 ikaenea Marekani nzima.

Kwa hiyo ndio, sheria ilianzia kwenye mazingira. Lakini faida aliyoipata mwenye gari ni oili kudumu na injini kukaa safi ndani, kwa sababu sasa kuna kitu kinavuta muda wote hata gari ikiwa kwenye foleni pale Buzuruga. Gari ya mbio injini yake inafunguliwa mara kwa mara na oili inamwagwa baada ya kila shindano, hiyo inaweza kuishi bila kuvutwa. Wewe unayevuka daraja la Kigongo–Busisi kila siku kwenda kazini Mwanza na kurudi, unamwaga oili kwa kilomita. Usiige maisha ya gari ambalo halifanani na lako. Na ukungu wa oili unaodondoka chini ya gari unafikia kwenye ekzosi ya moto, sitaki hata kuelezea.

Bro nina Chaser JZX100, 1JZ, naishi Kirumba. Nimeletewa kechikeni (lile kopo la kunasa oili ya briza) kutoka Dar, ile ya bei poa rangi ya bluu. Huu ni mwezi wa pili tangu niifunge, ndani hamna kitu hata tone, lakini mpira wa kwenda tabo bado unalowa oili. Inafanya kazi kweli? (Mzee wa Drifti)

Ifungue kifuniko uangalie ndani. Nakwambia kabla hujafungua, utakuta kopo tupu. Hizo za bei poa nyingi ni kopo lenye matundu mawili juu, yako karibu karibu, gesi inaingia hapa inatoka pale bila hata kugusa ukuta. Ukungu wa oili ni vitone vidogo sana, havidondoki kwa sababu tu vimepita kwenye kopo. Vinahitaji kugonga kitu na kupoa: kuta zinazopishana ndani, au wavu wa chuma cha pua uliojazwa, na njia ya kuingilia iwe imeshushwa chini huku ya kutokea iko juu kabisa. Ile yako inaokoleka. Mpe mchomeleaji wa alumini pale Mabatini akuwekee ukuta katikati na bomba la kuingilia lishuke, halafu jaza steel wire ile inayosokotwa kwa nguvu ya chuma cha pua, isiwe ile laini ya kuoshea sufuria inayokatika vipande, maana kipande kikichomoka kinaenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo. Weka na kichujio upande wa kutokea kwa usalama.

Halafu mahali. Wengi wanaifunga karibu na manifodi ya ekzosi kwa sababu ndiko kuna nafasi. Pale kopo linachemka, oili haigandi inapita kama mvuke. Iweke mbele ambako upepo unafika, chini ya kava za tapeti kidogo, na mpira uteremke bila kutengeneza tumbo katikati, kwa sababu penye tumbo panajaa oili na maji na tayari umeziba.

Saizi: usishuke chini ya kipenyo cha kampuni hata sehemu moja, na kama umepandisha busti mimi nasema nenda milimita 19 kwa mpira wa briza. 1JZ ina kava mbili za tapeti, usichukue gesi kwenye moja tu ukaziba nyingine. Na hizo kona za shaba za fundi bomba ambazo watu wanaungia, angalia tundu lake la ndani. Mpira mpana ukiubana na kona yenye tundu la kalamu umefanya kazi bure.

Umeuliza pia kwenye ujumbe wako wa pili kama mwisho wa kopo uuache wazi kwa kichujio au urudishe kwenye bomba la tabo. Gari ya kutembelea, rudisha. Mdomo wa tabo unavuta ukiwa unakanyaga, unakusaidia kutoa presha, na ndani ya gari hunusi harufu ya oili. Ukiacha wazi presha inatoka pia, ila hakuna kinachovuta, na ndio ile harufu ambayo abiria wako anaumwa kichwa mpaka Magu hujui kwa nini.

Kopo likianza kujaa, na litaanza, ukimwaga utaona kitu kama chai ya maziwa iliyochacha. Ni oili, maji na petroli pamoja. Usirudishe kwenye injini hata kama moyo unauma. Na usimwage kwenye mtaro, mitaro yetu hapa mjini inaenda Mirongo na Mirongo inaingia ziwani, ziwa hilo hilo tunalokunywa. Weka kwenye dumu la oili chafu.

Habari fundi. Nina Altezza, naitumia kutoka Capri Point kwenda kazini Posta na kurudi basi. Nimefungua kifuniko cha oili nimekuta kitu cha njano kizito kama mayonezi. Fundi anasema gasketi ya hedi imekwenda, anataka kushusha hedi. Nimeogopa bei. (Dada wa Capri Point)

Salama dada. Usikubali kushusha hedi kwanza. Kwa safari yako hiyo injini haipati moto wa kutosha kukausha maji, na kila injini inatengeneza maji, yanashuka na zile gesi nilizoeleza juu. Kifuniko ndiyo sehemu ya baridi kuliko zote, maji yanagandia pale yanachanganyika na oili. Msimu wa mvua ndio inazidi.

Chomoa dipstiki. Oili ya chini ikiwa na rangi yake ya kawaida, na maji ya rejeta hayapungui, na rejeta haitoi mapovu injini ikinguruma (kifuniko cha rejeta kinafunguliwa injini ikiwa ya baridi, nakuomba sana), basi gasketi yako ni nzima. Badilisha PCV, safisha mpira wake, mwaga oili, na angalau mara moja kwa wiki ipe safari ndefu, nenda mpaka Kisesa au Usagara urudi, injini iive. Ikiwa dipstiki nayo inatoka na rangi ya maziwa, hapo fundi yuko sahihi na usiiwashe tena.

Mimi ni wa Mark X 2.5. Nimetoa mpira wa briza nikaweka kile kichujio kidogo cha nikeli juu ya kava ya tapeti, injini imependeza. Ila sailensi sasa inapanda inashuka na taa ya injini imewaka. Vinahusiana? (Nyegezi)

Vinahusiana. Gari yako inapima hewa kwa sensa iliyoko baada ya boksi la filta, na mpira wa briza ulikuwa unachukua hewa ambayo imeshapita kwenye sensa. Sasa PCV bado inavuta, lakini inavuta hewa kupitia hicho kichujio cha nikeli, hewa ambayo kompyuta haijaihesabu. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, kompyuta inahangaika. Rudisha mpira, futa kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, imeisha. Tena vile vichujio vidogo kwa vumbi la huku kwetu ukitoka lami havizuii chochote cha maana, mchanga unaingia moja kwa moja kwenye oili.

Ila nikueleze jingine maana Mark X zimejaa mjini. Injini yako 4GR-FSE inamwagia petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Kwenye injini za kawaida petroli inamwagwa nyuma ya valvu, inaziosha. Kwako haizigusi kabisa, kwa hiyo ukungu wa oili unaotoka PCV unagandia kwenye mashina ya valvu, unaungua, unajenga masizi magumu mwaka hadi mwaka. Sailensi inakuwa mbaya asubuhi, nguvu inapungua, watu wanabadilisha plagi na koili bila mafanikio. Sasa kwa gari kama hiyo kechikeni nzuri kwenye mstari wa PCV ina faida hata kama hushindani na mtu. Iwe imara tu na isivujishe hewa, maana mstari huo unavutwa na manifodi, tundu dogo tu na unarudi kwenye tatizo lako la sailensi.

Tunajenga Impreza ya rali hapa Bukoba, pistoni za kufua (forged), busti kubwa. Mwenzangu anataka pampu ya vakyumu ya kunyonya gesi za tumbo la injini, mwingine anasema tuchomeke briza kwenye ekzosi ivutwe. Nani yuko sahihi?

Kwa rali, hakuna kati yenu. Pampu ya vakyumu ni nzuri kwenye drag (mbio fupi za mstari mnyoofu), wanavuta tumbo la injini mpaka inchi 10 hadi 15 za zebaki, ringi zinakaa vizuri na nguvu inaongezeka. Ila ukivuta sana kwenye injini ya sampu ya kawaida unainyima pini ya pistoni ule ukungu wa oili unaoilainisha, na mkanda wa pampu kwenye matope ya Kagera ni kitu kingine cha kuharibika njiani. Ya ekzosi inafanya kazi kwenye bomba wazi la injini isiyo na tabo. Nyuma ya tabo yenye sailensa kuna presha, unaweza kujikuta unasukuma moshi kuingia kwenye injini.

Pistoni za kufua zinatanuka zaidi zikipata moto, zinaachiwa nafasi kubwa kwenye silinda, na ringi nazo kwa busti kubwa zinaachiwa nafasi pana, kwa hiyo jueni gesi zitakuwa nyingi tangu siku ya kwanza na sio ugonjwa. Chukueni njia ya kila kava ya tapeti na ya bloku, kila moja mpira wake mpana, zikutane kwenye tangi moja. Subaru kwenye kona ndefu oili inakimbilia kava ya upande wa nje inajaa, briza ya upande ule inatapika, ya upande wa pili inabaki kupumua. Ndiyo maana msiziunganishe kabla ya kufika kwenye tangi. Chini ya tangi wekeni njia ya kurudisha oili kwenye sampu yenye valvu ya upande mmoja, la sivyo kwenye stage (kipande cha rali) ndefu oili itahamia yote kule.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa injini yenye briza ya wazi zinataka tangi la kukusanya oili lisilopungua lita 2 kama injini haizidi cc 2000, na lita 3 ikizidi hapo, na liwe la plastiki inayoonyesha ndani au liwe na kioo cha kuonea. Tengenezeni la lita 3 moja kwa moja, mkibadilisha injini kesho hamrudii kazi. Na huyo kijana wenu wa servisi mpeni jukumu hili peke yake: kila gari ikiingia, kabla hajagusa tairi, aangalie kile kioo. Siku kiwango kikipanda ghafla kuliko kawaida ya stage zilizopita, gari isitoke mpaka silinda zipimwe.